Athari za Mtiririko wa Gesi na Halijoto katika Majaribio ya Mwako kwa Mashine ya Mgandamizo wa Haraka

Ikisiri

Mashine ya mgandamizo wa haraka hutumiwa kupima muda ambao mchanganyiko wa fueli na hewa huchukua kabla ya kujiwasha. Matokeo yake huingizwa katika modeli za kikemia zinazotumiwa kusanifu injini na kutathmini fueli mpya. Makala haya yanaeleza kwa nini muda huo hauwezi kuchukuliwa kuwa sifa ya fueli peke yake. Yanaonyesha jinsi mwendo wa pistoni unavyozalisha kisulisuli cha gesi baridi, jinsi kisulisuli hicho kinavyoharibu kiini cha gesi moto, na jinsi upotevu wa joto baada ya mgandamizo unavyobadilisha kipimo. Aidha, yanafafanua mbinu zilizobuniwa kudhibiti athari hizo, na kupendekeza maswali ambayo watafiti na washauri wa sera wanapaswa kuuliza kabla ya kutumia data za aina hii.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu fueli katika ukanda wetu kwa kawaida huanzia kwenye bei, upatikanaji na moshi. Kenya, kwa mfano, iliwahi katika miaka ya 1980 kuchanganya petroli na ethanoli iliyotokana na molasi ya miwa, na wazo hilo limekuwa likirejea katika mijadala ya sera tangu wakati huo. Hata hivyo, kila uamuzi wa kuchanganya fueli hutegemea swali la msingi zaidi: mchanganyiko huo utawaka lini ndani ya silinda? Ukijiwasha mapema mno, injini ya petroli hugonga na sehemu zake huharibika. Ukichelewa mno, injini ya dizeli hukosa nguvu na hutoa hidrokaboni zisizoungua.

Jibu la swali hilo hutafutwa kwa modeli za kompyuta zenye mamia, na mara nyingine maelfu, ya mimenyuko ya kikemia. Modeli hizo huhakikiwa kwa kulinganishwa na majaribio, na miongoni mwa majaribio muhimu zaidi ni yale ya mashine ya mgandamizo wa haraka. Iwapo jaribio limebeba kosa ambalo halikutambuliwa, kosa hilo huhamia katika modeli, kutoka katika modeli huhamia katika usanifu, na hatimaye hufika katika ripoti anayosomewa mtunga sera. Mshauri huletewa jedwali la namba. Haletewi mashine iliyozizalisha. Kwa sababu hiyo, lengo la makala haya ni kueleza kilichofichika nyuma ya namba hizo.

Kabla ya kuendelea, istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi. Neno shinikizo limetumiwa hapa kwa maana ileile ya kanieneo, na halijoto kwa maana ileile ya jotoridi. Giligili ni jina la jumla la vimiminika na gesi. Kisulisuli, ambalo katika matumizi ya kawaida ni upepo unaozunguka na kunyanyua vumbi, limetumiwa kwa mzunguko wowote wa giligili unaojiviringa wenyewe. Kujiwasha ni kuwaka kwa mchanganyiko bila cheche wala mwali kutoka nje.

2.0 Mashine na Kipimo Chake

Wazo la kuwasha gesi kwa kuibana ghafla lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1906, K. George Falk alichapisha majaribio yaliyotumia mbinu hiyo. Mwaka 1922, Henry Tizard na David Pye wa Uingereza walichapisha utafiti uliokusudia kutenganisha mchango wa kemia na mchango wa upotevu wa joto katika kujiwasha kwa gesi zilizobanwa. Kwa hiyo, tatizo linalojadiliwa hapa lilitambuliwa mapema. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni uwezo wa kuliona na kulidhibiti.

Mashine ya kisasa ina silinda, pistoni inayosukumwa na hewa yenye shinikizo kubwa, na mfumo wa haidroli unaoisimamisha pistoni ghafla inapofika mwisho wa safari yake. Mgandamizo hukamilika kwa makumi machache ya milisekunde. Baada ya hapo pistoni hufungwa isirudi nyuma, na ujazo wa chemba hubaki vilevile. Kihisio cha shinikizo hurekodi kinachotokea. Muda kuanzia mwisho wa mgandamizo hadi shinikizo linaporuka kwa ghafla ndio muda wa kuchelewa kujiwasha.

Mashine hii hupima muda wa kuanzia takriban milisekunde moja hadi zaidi ya milisekunde 100, katika halijoto za kati ya takriban kelvini 600 na 1,100. Neli ya wimbi la mshtuko, ambayo ni chombo kingine cha utafiti wa mwako, hufaa zaidi kwa halijoto za juu na muda mfupi zaidi. Vyombo hivi viwili hukamilishana, lakini havipotezi joto kwa namna moja, na tofauti hiyo ina matokeo makubwa, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 5.0.

3.0 Halijoto Isiyopimwa Moja kwa Moja

Jambo la kwanza ambalo msomaji wa data hizi anapaswa kufahamu ni kwamba, katika majaribio mengi, halijoto inayotajwa haikupimwa. Kipimajoto cha kawaida cha waya hakiwezi kufuata mabadiliko ya milisekunde chache, na uwepo wake ndani ya chemba huvuruga gesi inayopimwa. Kinachopimwa ni shinikizo; halijoto hukokotolewa.

Ukokotoaji huo hutegemea dhana ya kiini kisichopoteza joto. Dhana hii inasema kwamba, ingawa gesi iliyo karibu na kuta hupoa, gesi iliyo katikati ya chemba haina muda wa kupoteza joto, hivyo hubanwa kana kwamba imezungukwa na kizio kamili. Kwa gesi yenye uwiano wa uwezo-joto γ usiobadilika, halijoto ya kiini baada ya mgandamizo ni:

T₂ = T₁ × (P₂/P₁)^((γ−1)/γ)

Kwa mfano, hewa yenye kelvini 300 na shinikizo la baa 1 ikibanwa hadi sehemu moja ya kumi ya ujazo wake bila kupoteza joto, na γ ikichukuliwa kuwa 1.4, shinikizo hufika baa 25 na halijoto hufika kelvini 750 hivi. Agoni tupu, ambayo γ yake ni 1.67, ikibanwa vivyo hivyo hukaribia kelvini 1,400. Tofauti hiyo ndiyo inayowawezesha watafiti kupanga halijoto ya jaribio bila kubadilisha mashine: huizimua fueli na oksijeni kwa nitrojeni, agoni au kaboni dayoksaidi, kwa viwango vinavyochaguliwa kulingana na halijoto inayotakiwa.

Uzuri wa dhana ya kiini ni kwamba haidai kuta zisipoteze joto. Upotevu wa kutani hupunguza shinikizo la chemba nzima, na kwa kuwa shinikizo ni karibu sawa kila mahali, kihisio huliona punguzo hilo na ukokotoaji hulizingatia. Sharti moja tu linabaki, nalo ni kwamba gesi ya kiini isichanganyike na gesi iliyopoa. Sharti hilo likivunjika, shinikizo hubaki kuwa kipimo sahihi cha shinikizo, lakini halijoto inayokokotolewa kutokana nalo si halijoto ya gesi iliyomo.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika hesabu fupi. Kasi ya mimenyuko ya mwako hutegemea halijoto kwa namna ya kipeo. Tuchukue, kwa ajili ya mfano, mmenyuko ambao nishati yake ya uamshaji ikigawanywa kwa kiwango kisichobadilika cha gesi ni kelvini 15,000. Kwenye kelvini 750, kosa la kelvini 10 pekee, yaani asilimia 1.3, hubadilisha muda wa kuchelewa kujiwasha kwa takriban asilimia 30. Kosa dogo la halijoto huwa kosa kubwa la muda.

4.0 Kisulisuli cha Pembeni

Je, gesi baridi inaweza kufika katikati? Kwa usambaaji wa joto peke yake, haiwezi kufika mbali. Hewa yenye kelvini 750 na baa 25 husambaza joto kwa kiwango cha takriban mita za mraba 4 × 10⁻⁶ kwa sekunde. Katika milisekunde 30, athari ya ukuta hupenya unene wa sehemu tatu au nne za kumi za milimita. Katika chemba yenye upana wa sentimita kadhaa, tabaka hilo ni jembamba, na kiini kingebaki salama.

Lakini gesi haikutulia. Pistoni inaposonga mbele, hukutana na tabaka baridi lililoshika ukuta wa silinda na kulikwangua. Mtu akijiweka kwenye pistoni, ataona ukuta ukija kwake na kuburuta gesi baridi hadi pembeni, mahali pistoni na ukuta vinapokutana. Gesi hiyo haina pa kwenda ila kugeuka, kufuata uso wa pistoni kuelekea katikati, kisha kujiviringa. Hicho ndicho kisulisuli cha pembeni. Tabaczynski, Hoult na Keck walichunguza mtiririko wa namna hiyo katika utafiti wao wa mwaka 1970, na baadaye ikabainika kwamba ni kikwazo kikuu katika mashine za mgandamizo wa haraka.

Matokeo yake ni kwamba gesi iliyopaswa kubaki ukutani hupelekwa hadi kwenye mhimili wa chemba, mahali penye kiini chenyewe. Kisulisuli hakiishi pistoni inaposimama. Mwendo wake huendelea katika kipindi chote ambacho fueli inasubiri kuwaka. Kwa hiyo, kadiri muda wa kuchelewa unavyokuwa mrefu, ndivyo kiini kinavyozidi kuchafuliwa. Hapa pana mtego: majaribio ya halijoto za chini, ambayo ndiyo yenye muda mrefu, ndiyo pia yanayoathirika zaidi, ilhali ndiyo sababu kuu ya kujenga mashine hii.

Suluhisho lililokubalika ni kuchonga mfuo kuzunguka ukingo wa pistoni. Gesi baridi inapokwanguliwa, huingia katika mfuo huo na kukaa humo, badala ya kujiviringa kuelekea katikati. Mwaka 1998, Lee na Hochgreb wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walichapisha uchambuzi wa kina wa namna ya kusanifu mfuo wa aina hiyo. Mwaka 2006, Mittal na Sung waliutumia mwanga wa leza pamoja na mvuke wa asetoni kuchora ramani ya halijoto ndani ya chemba. Asetoni hung'aa ikimulikwa na leza, na kiasi cha mng'ao hubadilika kulingana na halijoto. Picha zao zilionyesha kwamba pistoni bapa huacha tofauti kubwa za halijoto, ambapo pistoni yenye mfuo uliosanifiwa vizuri huacha kiini kilicho karibu sawa kila mahali.

Mfuo nao una gharama zake. Gesi iliyomo ndani yake haifikii halijoto ya kiini, na ujazo wake hupunguza kiwango cha mgandamizo. Zaidi ya hayo, fueli inapoanza kutoa joto kidogo kabla ya kuwaka kikamilifu, shinikizo la chemba hupanda na kusukuma gesi zaidi kuingia mfuoni. Kipimo cha shinikizo katika hatua hiyo hupungua kuliko inavyostahili. Baadhi ya mashine zimetatua hili kwa kuufunga mfuo usiwasiliane na chemba kuu mara tu mgandamizo unapokwisha.

5.0 Baada ya Pistoni Kusimama

Hata mahali ambapo kisulisuli kimedhibitiwa, chemba huendelea kupoteza joto kupitia kuta zake. Tabaka la ukutani hupoa na kusinyaa, shinikizo hushuka, na kiini hutanuka ili kujaza nafasi iliyoachwa. Gesi inayotanuka hupoa. Hivyo, kiini hupoa hata kama hakijagusa ukuta.

Turudi katika mfano wetu. Shinikizo likishuka kutoka baa 25 hadi 22 wakati fueli inasubiri kuwaka, kiini kilichokuwa na kelvini 750 hushuka hadi takriban 723. Kwa mmenyuko tuliouchukua hapo juu, kasi hupungua hadi chini ya nusu ya ilivyokuwa mwanzo. Mtafiti anayeandika katika jedwali kwamba fueli ilijiwasha kwenye kelvini 750 baada ya milisekunde kadhaa atakuwa ametaja halijoto ya mwanzo pekee. Sehemu kubwa ya kusubiri imefanyika katika halijoto ya chini zaidi.

Utaratibu unaofuatwa sasa ni kurudia kila jaribio huku oksijeni ikibadilishwa kwa nitrojeni. Sifa za joto za gesi hizo mbili zinakaribiana, lakini bila oksijeni hakuna mwako. Mkondo wa shinikizo unaopatikana huonyesha upotevu wa joto wa mashine peke yake. Mkondo huo hugeuzwa kuwa historia ya ujazo wa kubuni, yaani kiini huchukuliwa kana kwamba kimo ndani ya chombo kinachotanuka taratibu, na historia hiyo huingizwa katika modeli ya kikemia. Kwa njia hii, modeli na jaribio hulinganishwa katika mazingira yaleyale.

Umuhimu wa utaratibu huo unadhihirika katika utafiti wa gesi za kuzimulia uliochapishwa mwaka 2007 na Würmel na wenzake wa Galway, Ayalandi. Katika neli ya wimbi la mshtuko, kutumia agoni badala ya nitrojeni kulifupisha muda wa kuchelewa kujiwasha, kwa kuwa agoni hunyonya joto kidogo na hivyo joto linalotolewa na mimenyuko hupandisha halijoto kwa haraka. Katika mashine ya mgandamizo wa haraka, agoni iliurefusha muda huo, kwa sababu ya upotevu wa joto baada ya mgandamizo. Gesi ileile, ambayo haishiriki katika kemia ya mwako, imetoa athari mbili zinazopingana katika vyombo viwili. Mtu anayeziweka data hizo katika grafu moja bila maelezo anaweza kudhani kwamba maabara mojawapo imekosea, ilhali zote mbili zimepima sawasawa.

6.0 Pale Gesi Baridi Inapotangulia Kuwaka

Hadi hapa tumechukulia kwamba gesi moto huwaka kabla ya gesi baridi. Kwa hidrokaboni nyingi, zikiwemo heptani ya kawaida na aisooktani ambazo ndizo msingi wa kipimo cha oktani, kuna ukanda wa halijoto ambamo kanuni hiyo hugeuka. Kwa takriban kati ya kelvini 700 na 900, kutegemea fueli na shinikizo, kupanda kwa halijoto hurefusha muda wa kuchelewa badala ya kuufupisha. Sababu ni kwamba molekuli zenye oksijeni zinazoharakisha mwako katika halijoto za chini huvunjika kabla ya kufanya kazi yake halijoto inapopanda.

Katika ukanda huo, kujiwasha huwa kwa hatua mbili. Kwanza huja mwali baridi unaotoa joto kiasi, kisha baada ya muda huja mwako kamili. Iwapo chemba ina kiini moto na kisulisuli baridi kwa wakati mmoja, kila sehemu hufuata ratiba yake. Gesi baridi iliyo ndani ya ukanda huo inaweza kutangulia kutoa joto, na tofauti za halijoto zikapungua au hata kupinduka. Watafiti wa Leeds nchini Uingereza na wa Lille nchini Ufaransa walishughulikia jambo hili kwa kina. Kundi la Lille lilipima mgawanyo wa halijoto kwa kutumia mtawanyiko wa mwanga wa leza wakati butani ilipokuwa ikioksidika.

Kwa hiyo, kosa linalotokana na kisulisuli halina mwelekeo mmoja. Nje ya ukanda huu hurefusha muda; ndani yake linaweza kuufupisha. Haiwezekani kulisahihisha kwa kuongeza au kupunguza asilimia maalumu katika jedwali. Njia ya uhakika ni kulizuia lisitokee.

7.0 Maana kwa Watafiti na Washauri wa Sera

Kutokana na maelezo haya, mtu anayetegemea data za mashine ya mgandamizo wa haraka anapaswa kuuliza maswali manne.

Kwanza, pistoni ilikuwa na mfuo wa ukingoni, na je, usanifu wake ulithibitishwa kwa vipimo au kwa uigaji wa kompyuta? Data za pistoni bapa hazipaswi kutupwa, lakini hazipaswi kuhakiki modeli bila uangalifu.

Pili, je, mikondo ya shinikizo ya majaribio yasiyo na oksijeni imechapishwa pamoja na matokeo? Bila mikondo hiyo, mtafiti mwingine hawezi kuiga hali halisi ya jaribio.

Tatu, halijoto iliyotajwa ilipatikanaje, na kiwango chake cha mashaka ni kipi? Kama tulivyoona, kelvini 10 zinaweza kuwa na maana ya theluthi moja ya muda unaopimwa.

Nne, gesi ipi ilitumiwa kuzimulia? Matokeo ya agoni na ya nitrojeni hayalinganishwi moja kwa moja, hasa yakitoka katika vyombo tofauti.

Maswali haya yana uzito wa pekee kwa nchi zetu. Fueli zinazotokana na miwa, mafuta ya mimea au taka za kilimo zinaweza kuwa na muundo ambao maabara za mbali hazikuuchunguza kwa upana. Tunapoazima modeli zilizohakikiwa kwa fueli nyingine, tunaazima pia makosa yaliyomo. Na iwapo vyuo vikuu vya kanda vitajenga mashine za aina hii, itakuwa busara kuanza na pistoni iliyosanifiwa kudhibiti kisulisuli, pamoja na desturi ya kuchapisha mikondo yote ya shinikizo, badala ya kupitia upya makosa ambayo wengine wamekwisha kuyalipia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba muda wa kuchelewa kujiwasha unaopimwa na mashine ya mgandamizo wa haraka ni zao la mambo matatu: kemia ya fueli, mtiririko wa gesi unaosababishwa na pistoni, na joto linalopotea kupitia kuta. La kwanza ndilo linalotafutwa. Mawili yaliyobaki hayawezi kuondolewa kabisa, lakini yanaweza kudhibitiwa na kuelezwa. Mfuo wa pistoni hulinda kiini, na jaribio lisilo na oksijeni huonyesha upotevu wa joto. Data iliyoambatana na maelezo hayo inaweza kuhakiki modeli popote duniani. Data isiyo nayo hueleza mashine moja, siku moja, na haitoshi kuwa msingi wa uamuzi kuhusu fueli ambayo mamilioni ya watu wataitumia.